Niambie kwanza unapanda wapi

Mteja akiingia kitaluni kwangu huanza na bei. Mimi huanza na swali: unapanda wapi? Wengine hujibu mara moja. Wengine hukunja uso, kwa sababu hawajazoea muuza miche anayehoji habari za shamba la mtu kabla ya kupokea hela. Hata hivyo swali hilo siliachi, na leo nataka kulieleza kwa urefu, maana pale kitaluni mteja mwingine anakuwa amesimama nyuma anasubiri.

Kitalu kiko kandokando ya barabara ya Musoma ukitoka Mwanza, ukishaipita Kisesa. Najaza viriba mwenyewe pamoja na vijana wawili. Nina miche ya mikaratusi, ambayo wengine wanaiita milingoti, nina grevilea, mijohoro, miarobaini, milusina, na paini kidogo kwa wanaopeleka Ukerewe na Buchosa. Upande wa kivulini nina mikwaju, mikuyu, migunga na mivule. Karatusi ndiyo inayolipa ada za watoto wangu. Mtu akipanda, baada ya miaka michache anakata mirunda ya ujenzi; akivumilia zaidi anapata nguzo, na kisiki kinachipua tena bila kununua mche mwingine. Mzazi mwenye mtoto anayeingia sekondari huwezi kumwambia asubiri mvule ukomae.

Siku hizi wateja wanakuja na misimamo miwili, na yote wameitoa kwenye simu. Wa kwanza anasema karatusi ni mwizi wa maji, ing'olewe nchi nzima. Wa pili anasema miti ni maji, kwa hiyo popote palipo wazi pandwe, hasa kwenye chanzo cha maji, na mgeni rasmi aje apigwe picha akishika koleo. Huyu wa pili ananitia hofu kuliko wa kwanza. Wa kwanza akikosea, tumekosa nguzo. Wa pili akikosea, akina mama wa kijiji kizima wanaongezewa mwendo wa kufuata maji, na hawataambiwa kwa nini.

Ili nieleweke, lazima nianze na ardhi yetu. Nimezaliwa Kwimba, chini ya mlima wa mawe. Msukuma anaisoma ardhi kuanzia juu kwenda chini: kileleni majabali, chini yake luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji, ukishuka unakuta itogolo, mgumu, maji yanatuama juu yake, mwisho kabisa mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Mvua ikipiga majabali, maji yanateremka na kuzama kwenye luseni. Yanatembea chini kwa chini juu ya mwamba usiopitisha kitu, na yakifika pale mchanga unapoishia na udongo mgumu unapoanza, hayana pa kwenda tena, yanatoka nje. Hapo ndipo chemchemi zetu zilipo. Hapo ndipo visima vifupi vinapochimbwa, vile ambavyo mtu akiingia na jembe na ndoo ya kamba anaweza kuyafikia maji bila mashine.

Mvua tunapata ya vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na ya masika kuanzia Machi mpaka Mei, jumla kama milimita 1,000 kwa mwaka kwa upande wa Mwanza mjini. Kuanzia Juni mpaka mwishoni mwa Septemba ni kama hakuna kitu. Kwa hiyo ule mchanga wa luseni ndio kihenge chetu cha maji: kinajazwa masika, halafu miezi minne tunakula kilichomo. Anayekula katika miezi hiyo minne ndiye wa kuangaliwa kwa makini.

Sasa njoo kwenye mti. Tone la mvua likishuka juu ya shamba la miti lina njia chache tu. Sehemu ya mvua inanaswa na majani na kukaukia hukohuko juu, ardhi isiione kabisa. Kwenye shamba mnene lenye majani mwaka mzima sehemu hiyo si ndogo. Sehemu nyingine inakimbia juu ya ardhi na kuondoka na udongo wetu. Sehemu inazama, na katika hiyo iliyozama mizizi inavuta, inaipandisha mpaka kwenye majani, inatoka kama mvuke kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Kinachosalia baada ya hayo yote ndicho kinachofika kwenye chemchemi.

Nyasi zina mizizi mifupi, na zikishakauka mwezi wa sita zimeacha kunywa. Miti mingi ya miombo, kama mtundu na mninga, hupukutisha majani kiangazi kinapokolea. Karatusi haifanyi hivyo. Utaikuta Agosti ina kijani kilekile cha Aprili, mizizi yake imeshuka mita nyingi, na kama chini kuna unyevu inaufuata. Tena inakua haraka, na hakuna mti unaokua haraka bila kupitisha maji mengi mwilini.

Niseme na upande wake wa haki. Kwa kila lita ya maji inayokunywa, karatusi inatoa kuni nyingi kuliko miti mingi tuliyonayo. Si mti mbadhirifu. Lakini kisima hakiulizi lita moja ilitoa kuni kiasi gani, kinauliza jumla. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 unapata miti 1,600 kwenye hekta moja, yote ya umri mmoja, yote iko kwenye kasi ya ujana kwa wakati mmoja, na ukikata inarudi kwenye ujana kwa machipukizi. Ndiyo maana zile takwimu zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mti mmoja wa karatusi unakunywa lita kadhaa kwa siku, nawaomba wateja waziache. Mti huohuo haunywi sawa mwezi wa nne na mwezi wa nane, wala mti wa unene wa mkono haunywi kama wa unene wa pipa. Hesabu ya maana ni ya bonde zima, kwa mwaka mzima.

Na hesabu hiyo imeshafanywa. Nilipokuwa Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, ndipo nilipoisikia habari ya Mokobulaan kwa mara ya kwanza, na tangu hapo nimekuwa naisimulia kila ninapopata msikilizaji. Mokobulaan ni milima ya nyasi huko Mpumalanga, Afrika Kusini. Watafiti walichagua mabonde madogo matatu yanayofanana, kila moja na kijito chake, wakayapima kwa miaka kadhaa bila kugusa kitu. Mwaka 1969 wakapanda karatusi aina ya grandis kwenye bonde moja. Mwaka 1971 wakapanda paini aina ya patula kwenye la pili. La tatu likaachwa na nyasi zake liwe kipimo. Kijito cha karatusi kilikauka kabisa mwaka wa tisa baada ya kupanda. Cha paini kilikauka mwaka wa kumi na mbili. Miti ilikuwa mizuri, ya kupendeza macho, na chini yake hakuna maji.

Waafrika Kusini walikuwa wamelianza suala hili mapema, tangu vipimo vya Jonkershoek karibu na Stellenbosch mwaka 1935, na hawakuishia kwenye vipimo. Sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inayahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa ni shughuli inayopunguza maji ya mito, na mwenye kutaka kupanda lazima apate kibali, kama anavyopata kibali mtu wa kilimo cha umwagiliaji. Kwangu mimi huo ni utaratibu wa watu waungwana: hawakumkataza mkulima, walimwambia tu kwamba maji anayotumia yana wenzake wanaoyasubiri huko chini.

Mokobulaan si mahali pekee. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Kathleen Farley walikusanya vipimo vya mabonde 26 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Penye nyasi palipogeuzwa kuwa shamba la karatusi, maji yanayotoka bondeni yalipungua kwa wastani wa asilimia 75. Palipopandwa paini, asilimia 40. Huko Karnataka, India, Ian Calder na wenzake walikuta karatusi iliyoota kwenye udongo wa kina kirefu ikitumia maji mengi kuliko mvua iliyonyesha. Yaani ilikuwa inakula akiba ya miaka ya nyuma iliyolala ardhini.

Mpaka hapa yule mteja wa kwanza, wa kung'oa yote, anafurahi. Lakini nina habari nyingine, na hii ni ya hapahapa Tanzania.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka yote ya 1960, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lilipima mabonde mawili kwenye milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili, msitu wetu wenyewe, wa kijani mwaka mzima. La pili lilikuwa limelimwa na wakulima wadogo, miteremko mikali, mahindi na mazao mengine ya chakula. Kila mtu angetegemea bonde la msitu litoe maji zaidi. Lililolimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi, hata kiangazi. Msitu wa asili nao ulikuwa unakunywa, na unakunywa sana.

Mteja wa kwanza anapofika hapo hukaa kimya, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Mti unakunywa kwa sababu ni mti, si kwa sababu umetoka Australia. Tena huo wenyeji wenyewe una mipaka. Mhumula, ambao Kagera ni mti wa nyumbani tangu zama, ulipopelekwa Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki ulisambaa mpaka ukavamia msitu wa huko. Mwarobaini ulitoka Asia. Mwembe ulitoka Asia. Mjohoro tunaoulalia kivulini stendi zote za mabasi ulitoka Asia. Mtu akija kwangu na orodha ya miti ya kufukuza kwa sababu ya asili yake, namwomba aanze na mwembe uliopo uani kwake.

Lakini Mbeya ina jambo ambalo ni rahisi kulipita. Udongo wa kule ni wa majivu ya volkano, una kina, unakunywa mvua hata ukilimwa. Maji yalizama kwenye shamba la mahindi kama yalivyozama msituni, tofauti ikawa tu kwamba mahindi yalivuta maji machache. Udongo wa Kwimba na Misungwi si huo. Luseni ikikanyagwa na ng'ombe miaka na miaka, ikichomwa moto kila kiangazi, ikilimwa kuelekea bondeni, juu yake panafanya ganda. Mvua ya Aprili inapiga ganda hilo na kukimbia yote mbugani. Hapo unakuwa huna mti unaokunywa, na bado kisima hakina kitu, kwa sababu kihenge hakikujazwa.

Ndiyo sababu hadithi ya ngitili naipenda kuliko zote. Usukumani miti mingi ilifyekwa enzi za ukoloni, kuanzia miaka ya 1920 na kuendelea, kwa nia ya kufukuza mbung'o ili ng'ombe wapate malisho. Baadaye pamba na mifugo vikamalizia. Lakini wazee walikuwa na desturi ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi ndama na ng'ombe wa kulimia wapate majani. Hiyo ndiyo ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimeshapita hekta 300,000, sehemu kubwa bila kupandwa. Visiki na mizizi vilikuwa bado viko hai ardhini, vikaachwa vipumue, vikaota vyenyewe: migunga, mininga, mikwaju, na nyasi ndefu katikati yake. Naandika haya nikijua kwamba hekta hizo hazikununua mche hata mmoja kwa mtu kama mimi, na nasema bila kusita kwamba ni kazi bora kuliko kitalu chochote.

Kwa nini ngitili haikaushi? Kwa sababu miti imeachana. Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiongozwa na Ulrik Ilstedt walitoa matokeo ya kazi yao huko Burkina Faso, kwenye mashamba yenye mishea, ile miti ya mafuta ya shea, iliyotawanyika. Walikuta kwamba penye miti ya wastani ndipo maji mengi zaidi yalipozama mpaka chini kabisa, kuliko pasipo na miti na kuliko penye miti iliyosongamana. Mizizi na wadudu wa ardhini wanatoboa udongo, majani yaliyodondoka yanavunja makali ya mvua, ganda halifanyiki; na miti ikiwa michache, inachokunywa ni kidogo kuliko ilichosaidia kuzamisha. Ukizidisha miti, mizani inageuka. Kwa nchi kavu yenye kiangazi kirefu kama yetu, matokeo hayo yanaeleza ngitili kuliko chochote nilichowahi kusoma.

Kuhusu mkuyu, nitasema kinachowaudhi baadhi ya wazee wangu. Tunasema mkuyu unaleta maji. Mkuyu unapenda kuota palipo na maji, na ukiwa pale unakunywa nao, wala si kidogo. Wema wake ni mwingine: unakuwa mmoja au wawili, kivuli chao kipana, mizizi imeshika ukingo, na kwa sababu ya heshima tuliyoupa hakuna anayelima wala kunywesha ng'ombe chini yake. Heshima hiyo ndiyo iliyolinda chemchemi nyingi Usukumani kuliko ubao wowote wa tangazo. Wanaokata mkuyu ili wapate nafasi ya kupanda karatusi mia tatu pembeni mwa chemchemi wanapoteza vyote viwili, ulinzi na maji.

Ziwa nalipitia kwa haraka, kwa kuwa watu wa mjini wananiuliza kila mara kama karatusi zitalimaliza. Hazitalimaliza. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, pamoja na Kagera iliyo mkubwa wao, inaleta sehemu iliyobaki. Mwaka 2006 lilishuka sana kwa ukame na kwa maji mengi kuachiwa kule Jinja, Uganda, ziwa linapotokea kwenda Mto Nile. Mei 2020 lilifika kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964, na watu wa mialoni walihama. Hayo yote hayakuwa ya karatusi. Ufukweni kinachohitaji kulindwa ni mafunjo, yanayochuja tope na mbolea kabla havijaingia ziwani, na kule hakuna mche wangu unaoweza kushika nafasi yake. Anayeumizwa na shamba la miti lililokaa vibaya ni yule ambaye bomba la ziwani halijamfikia: Misungwi ndani, Kwimba, Magu juu, Sengerema kwenye miinuko. Anakunywa kwenye luseni.

Basi karatusi ikae wapi? Maana lazima ikae mahali. Sangara wanabanikwa kwa kuni, matofali yanachomwa kwa kuni, kila ghorofa linaloota Buhongwa na Nyegezi limesimamishwa na mirunda. Kuni hizo zisipotoka shambani zitatoka kwenye vilima vya asili vilivyobaki, na hapo tutakuwa tumelipa mara mbili. Mimi nawapeleka watu kwenye upande wa kilima usiolisha chemchemi ya mtu, kwenye kingo za mbuga panapotuama maji hadi mahindi yanaoza, kwenye mipaka ya shamba kwa safu moja. Nawaambia wapande kwa nafasi kubwa, mita 3 kwa 3 au zaidi, wapate miti michache minene ya nguzo badala ya msitu wa fito. Na kwenye chanzo cha maji siuzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa, lakini kwa chemchemi za chini ya mawe hizo mita 60 hazitoshi. Ukisimama kwenye chemchemi ugeuke kutazama juu, mteremko wote unaouona mpaka kwenye majabali ndio unaoilisha. Shamba lililo mita 200 juu yake linaweza kuwa ndani ya sheria na bado likainywa.

Hilo ndilo lililomleta mzee mmoja wa upande wa Misungwi. Alikuja na guta, anataka lijae karatusi. Nikamsalimia, nikamuuliza swali langu. "Juu ya kisima cha kijiji, mayu (mama), kwenye mteremko. Nina karatusi pale tayari, nataka kuziba mapengo." Nikamuuliza kisima kikoje. Akakaa kidogo. "Siku hizi kinakauka mwezi wa nane. Zamani kilikuwa kinafika vuli." Nikamuuliza karatusi za kwanza zilipandwa lini, akahesabu kwa kidato cha mwanawe wa mwisho. Sikuhitaji kumalizia hesabu, aliimaliza mwenyewe. Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Kwa nini walipokuja kutugawia bure miche hiyo hawakutuambia?"

Sikuwa na jibu la kumpa kuhusu waliogawa. Nilimpa la kisima. Nilikwenda naye baadaye, tukapanda mteremko pamoja na kamati ya maji ya kijiji. Miti ilikuwa imefikia kimo cha mirunda mizuri, kwa hiyo kukata hakukuwa hasara. Mnunuzi alipatikana bila kutoka nje ya kata. Kazi ngumu ni visiki. Karatusi ukiikata ukaenda zako, machipukizi yanarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na umebadilisha mnywaji mmoja kwa watano. Lazima gome la kisiki libanduliwe mpaka chini ya usawa wa udongo, na kila chipukizi linalojitokeza lichunwe likiwa dogo. Walikubaliana vijana wafanye hivyo, na mzee apate sehemu ya mauzo ya kuni ili asibaki amebeba mzigo wa kijiji peke yake. Kipande hicho kitafungwa kama ngitili. Mbuzi wasiingie. Nyasi zirudi, na chochote cha asili kitakachochipua kiachwe kikiwa kimeachana. Mikuyu miwili nimewapa kwa ajili ya ukingo, basi.

Jambo moja niliwaambia pale wazi, mbele ya wote, kwa sababu nawajua wanasiasa watakuja kuwaahidi vingine. Kule Mokobulaan miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na kijito hakikurudi kutiririka mwaka mzima mpaka miaka mitano ilipopita. Karatusi ilikuwa imekausha udongo mpaka chini sana, na mvua za mwanzo zilienda kulipa deni hilo kabla ya kufika kijitoni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza: "Miaka mitano tutakunywa nini?" Wengine waliguna. Swali lake ndilo lililogeuza kikao kutoka kwenye miti kwenda kwenye bomba, na barua ya kijiji ya kuomba kisima kirefu imeshaandikwa na kupelekwa wilayani. Mimi naona viwili hivi viende pamoja.

Wakati huo tunapima. Mwenyekiti wa kamati ana fimbo ndefu yenye alama za sentimita na daftari la kaunta, na kila Jumamosi asubuhi, kabla akina mama hawajaanza kuchota, anaandika maji yako wapi. Nimewaomba wapime na kisima cha kitongoji cha jirani kilicho chini ya mteremko wa nyasi tupu, ili mwaka wa mvua nyingi usije ukatudanganya kwamba ni kazi ya shoka, wala mwaka wa ukame usituvunje moyo. Ukiwa una kisima kifupi chini ya shamba la miti, la karatusi, paini au hata la asili, popote kuanzia Magu mpaka Geita, fanya hivyohivyo: fimbo moja, siku moja ya wiki, saa ileile, visima viwili. Nitumie namba zako. Nitaziweka hapa pamoja na zao, zikitoka nzuri au zikitoka mbaya.